Goti limebadilishwa, maumivu yamebaki: nitembee au nipumzike?

Swali: "Mimi ni mwalimu mstaafu wa miaka 67. Nilifundisha miaka mingi Maji ya Chai, na sasa naishi nyumbani Kibosho. Goti langu la kulia lilisagika, na miezi tisa iliyopita nilibadilishiwa. Kidonda kilipona vizuri na ninatembea, lakini nikishuka mteremko kwenda barabarani goti linauma, na usiku linaniamsha. Jumapili moja nilitembea kwenda kanisani na kurudi, nikashindwa kutoka kitandani siku mbili. Wanangu wananiambia nipumzike nisije nikaharibu goti la gharama kubwa. Jirani amenielekeza dawa za maumivu ziitwazo diklopa, na kweli zinanisaidia, ila natumia dawa za presha, losatani pamoja na ile ya kupunguza maji mwilini. Je, operesheni ilishindikana? Nitembee au nipumzike? Na nimeze nini?"

Jibu:

Shikamoo Mwalimu. Nashukuru kwamba hukuficha habari za diklopa, kwa kuwa wengi huzificha hadi waulizwe mara ya tatu. Nianze na yale unayoyasubiri. Kwa jinsi ulivyoeleza, sioni dalili kwamba operesheni imeshindikana, ingawa goti lako linastahili kuchunguzwa kwa namna nitakayoieleza. Unapaswa kutembea, tena kila siku, lakini kwa kipimo. Na diklopa naomba uziache kuanzia leo, bila kugusa dawa zako za presha. Nitaeleza sababu za kila moja, kwani agizo lisilo na sababu halidumu, na wewe unalijua hilo kuliko mimi.

Kilichobadilishwa katika goti lako ni nyuso za mifupa. Ncha ya mfupa wa paja imevishwa chuma, kichwa cha mfupa wa muundi kimewekewa sahani ya chuma, na katikati pamewekwa plastiki ngumu inayoteleza. Vitu hivyo havina mishipa ya fahamu, kwa hiyo vyenyewe haviumi. Vinavyoweza kuuma ni ngozi, kano, misuli, utando wa kiungo na mfupa unaovizunguka, ambavyo vyote vilikatwa au vilivutwa siku ya operesheni, na ambavyo vinaendelea kujijenga kwa mwaka mzima na wakati mwingine zaidi. Ndiyo maana katika mwezi wa tisa goti linaweza bado kuwa na joto kidogo ukiligusa, likavimba jioni baada ya kazi, na likawa na ganzi upande wa nje wa kovu. Ganzi hiyo hutokana na tawi dogo la neva ya ngozi ambalo hukatwa daktari anapofungua goti. Eneo lake hupungua polepole, na huenda lisiishe kabisa. Haina madhara, ila ngozi yenye ganzi haihisi moto. Kukanda kwa maji ya moto, ambako kila nyumba yetu hukimbilia kiungo kinapouma, kumewaletea baadhi ya wagonjwa wangu malengelenge juu ya kovu bila wao kujua kwamba wanaungua. Ukitaka joto, liwe vuguvugu, ulipime kwanza kwa kiwiko cha mkono. Goti likiwa limevimba, barafu iliyofungwa ndani ya kitambaa kwa dakika 15 hadi 20 hufaa zaidi.

Wengi huambiwa kabla ya operesheni kwamba goti likishabadilishwa maumivu ndiyo basi, na kwa walio wengi hupungua sana. Hata hivyo, tafiti zilizofuatilia wagonjwa katika nchi mbalimbali zinaonesha kwamba kati ya watu 10 waliobadilishiwa goti, mmoja hadi watatu hubaki na maumivu ya wastani au makali kwa muda mrefu. Kwa waliobadilishiwa nyonga idadi huwa ndogo kidogo. Maumivu yanayozidi miezi mitatu baada ya operesheni sisi huyahesabu kuwa sugu. Nakuambia haya ili usijilaumu kwamba kuna jambo ulilikosea, wala usidhani kwamba daktari aliyekupasua alikudanganya.

Kabla ya kuyaita maumivu sugu na kuanza kuyazoea, ni lazima kuhakikisha kwamba hakuna jambo jingine nyuma yake. La kwanza ni maambukizi ndani ya kiungo. Hayatokei kwa wengi, lakini yakitokea ni mazito, na yanaweza kuja miezi au hata miaka baada ya operesheni, kwa sababu vijidudu husafiri kwa damu kutoka kwenye jino bovu, jipu, kidonda cha mguuni au njia ya mkojo. Goti lililokuwa linaendelea vizuri likibadilika ghafla, likawa jekundu, likavimba, likauma hata ukiwa umelala tuli, au kovu likatoa maji au usaha, hasa kukiwa na homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na hapa nasisitiza jambo ambalo limewaponza wengi: usinunue antibayotiki duka la dawa ukazimeza "kwa kujaribu". Daktari wa mifupa anahitaji kuvuta maji ya goti kwa sindano na kuyapeleka maabara ili ajue ni kijidudu gani, na antibayotiki zilizomezwa kabla ya kipimo huweza kukificha kijidudu bila kukiua. Majibu yakarudi kwamba hakuna kitu, na ugonjwa ukaendelea kuula mfupa. Kwa sababu hiyo hiyo, usiruhusu mtu yeyote akudunge sindano ndani ya goti hilo nje ya hospitali inayolijua, wala usichanjwe chale kuzunguka kovu.

La pili ni kulegea kwa kiungo bandia. Maumivu yake yana tabia yake: hushika hatua za kwanza unapoinuka kitini, yakapungua ukishatembea kidogo, kisha yakarudi ukizidisha, na mara nyingi hushuka kwenye muundi. Kulegea hutambuliwa kwa kulinganisha picha ya eksirei ya leo na ile iliyopigwa baada ya operesheni, kwa hiyo itunze picha yako ya zamani mahali pakavu; ni mali kuliko unavyodhani. La tatu ni damu kuganda kwenye mishipa ya mguu, ambayo hatari yake ni kubwa zaidi katika miezi mitatu ya mwanzo, lakini mtu yeyote ambaye kigimbi kimevimba na kuuma upande mmoja, au aliyebanwa kifua na kukosa pumzi ghafla, asisubiri kukuche.

Wewe hukutaja lolote kati ya haya. Lakini kuna jambo katika maelezo yako ambalo ningependa lichunguzwe: miaka yako ya Maji ya Chai. Si kila maumivu ya goti hutoka gotini. Nyonga iliyosagika hupeleka maumivu yake kwenye paja hadi gotini, na mgongo uliobana neva hufanya vivyo hivyo. Mtu akipasuliwa goti wakati nyonga nayo ina tatizo, atapona goti na kubaki na maumivu. Jipime hivi: kaa kitini, kisha jaribu kukunja nne kwa mguu wa kulia, yaani kifundo cha mguu huo kikae juu ya goti la kushoto. Ikiwa nyonga inakataa na maumivu yanashika kwenye kinena, mwambie daktari. Kuhusu Maji ya Chai, maji ya maeneo mengi chini ya Mlima Meru yana madini ya floridi kwa wingi, na aliyeyanywa miaka mingi anaweza, mbali na meno kuwa ya kahawia, kuwa na mgongo na viungo vilivyokakamaa kwa sababu floridi hujikusanya kwenye mifupa. Sisemi kwamba unalo tatizo hilo. Nasema tu kwamba atakayekupima ajue umeishi wapi, ili aangalie na mgongo, asiishie kwenye kovu.

Tuseme yote hayo yameangaliwa na hayakuonekana. Kwa nini basi goti liume? Goti lako liliuma kwa miaka kabla ya operesheni, na kwa muda huo wote mishipa ya fahamu, uti wa mgongo na ubongo vilikuwa vinapokea taarifa za maumivu mchana na usiku. Vikizoea hivyo, huwa vyepesi kushtuka, kama mbwa wa nyumba iliyowahi kuvamiwa na wezi, ambaye hubweka hata jani la mgomba likianguka. Maumivu hayo ni ya kweli kabisa, wala hujayabuni kichwani. Ila hayana tena maana kwamba kuna kitu kinaharibika kila yanapokuja. Kukosa usingizi huyaongeza, wasiwasi huyaongeza, na kukaa bila kutumia mguu huyaongeza zaidi ya vyote, kwa kuwa ubongo usiopokea taarifa nyingine yoyote kutoka gotini hubaki na ile ya zamani.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanao, ingawa wanasema kwa upendo. Goti bandia halikutengenezwa ili litunzwe kabatini. Takwimu zilizochapishwa mwaka 2019, kutokana na sajili za wagonjwa wengi, zilionesha kwamba magoti 8 kati ya 10 yaliyobadilishwa yalikuwa bado yanafanya kazi baada ya miaka 25. Kinachopotea upesi ni msuli. Misuli ya mbele ya paja, ambayo ndiyo mhimili wa goti, hupoteza nusu ya nguvu yake au zaidi katika mwezi wa kwanza baada ya operesheni, na hairudi yenyewe kwa kupumzika. Mtu anaweza kufika mwezi wa tisa, kovu limepona na picha ni nzuri, huku paja la mguu uliopasuliwa likiwa jembamba kuliko la pili. Chukua futi ya fundi cherehani, pima mapaja yote mawili kwa usawa ule ule, upana wa kiganja juu ya goti. Ukiona tofauti ya sentimita mbili au tatu, umeona sehemu kubwa ya sababu ya mteremko kukutesa.

Mteremko una adabu zake. Ukitembea tambarare goti hubeba mzigo wa mara mbili na nusu hivi ya uzito wa mwili wako, na ukishuka ngazi mzigo hufika mara tatu na nusu. Isitoshe, unaposhuka, msuli wa paja hulazimika kufanya kazi huku unarefuka, ukiuzuia mwili usidondoke mbele, na hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote kwa msuli uliodhoofika. Kwa hiyo maumivu yako ya kushuka kwenda barabarani hayanishangazi. Tumia fimbo au mkongojo, na uushike kwa mkono wa kushoto, upande usiopasuliwa. Wengi hushika upande wa maumivu, na kwa kufanya hivyo huulemea mguu wanaotaka kuusaidia. Kimo chake kiwe sawa na mkunjo wa kifundo cha mkono, ukiwa umesimama wima na mkono umening'inia, na chini kiwe na mpira usiolika. Ukishuka ngazi, tanguliza mkongojo na mguu wa kulia, kisha wa kushoto ufuate. Ukipanda, tanguliza wa kushoto. Katika mteremko wa udongo, piga hatua fupi na ushuke kwa kukata upande huu na huu badala ya kunyoosha moja kwa moja, hata kama njia itakuwa ndefu. Wakati wa masika, udongo wa kwetu unapokuwa kama umepakwa mafuta, vaa kiatu chenye meno na kinachofungwa nyuma ya kisigino, wala usitoke na kandambili, kwani kuanguka na kuvunja mfupa unaozunguka kiungo bandia ni jambo zito kuliko maumivu yote unayonieleza.

Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na ukiibeba kichwani, goti huongezewa kilo 50 na zaidi kwa kila hatua. Maji na majani ya ng'ombe wabebe wengine. Katika hilo wanao wana haki.

Sasa kipimo cha kutembea. Ile Jumapili ulifanya kile karibu kila mgonjwa mwenye bidii hufanya: siku ya nafuu ulifanya kazi ya wiki nzima, mwili ukagoma, ukalala, msuli ukapungua tena, ukasubiri siku nyingine ya nafuu. Mzunguko huo ndio unaovunja watu moyo. Badala yake, tafuta muda ambao unaweza kutembea hata siku mbaya; tuseme ni dakika 8. Tembea dakika 8 asubuhi na 8 jioni, siku nzuri na siku mbaya, bila kuzidisha siku nzuri. Baada ya wiki moja ongeza dakika moja au mbili. Hakimu wako awe asubuhi ya kesho yake. Maumivu yakipanda wakati wa zoezi hadi alama nne au tano katika kumi, lakini asubuhi yamerudi mahali pake na goti halijavimba kuliko jana, kipimo kilikuwa sawa. Yakiwa bado yako juu asubuhi, punguza robo, ila usiache. Uvimbe nao upime kwa futi ile ile, katikati ya goti, kabla hujatoka nje, na uandike kwenye daftari. Baada ya mwezi utaona kwa macho yako jambo ambalo kumbukumbu ya siku mbaya haiwezi kukuonesha.

Kutembea peke yake hakutoshi kurudisha nguvu za paja. Zoezi ninalolithamini kuliko mengine ni kusimama na kukaa. Chukua kiti cha mbao kisichozama, chenye kimo cha goti au zaidi kidogo, kisogeze kwenye ukuta. Kaa mbele ya kiti, miguu yote iwe sawa, visigino nyuma kidogo ya magoti, kisha simama polepole na ukae polepole zaidi, ukihesabu hadi nne unapokaa. Mara nane, upumzike, mara nane tena. Kuna udanganyifu mdogo ambao mwili hujifunza bila wewe kujua: mguu uliopasuliwa husogezwa mbele kidogo, bega huegemea upande mzima, na kazi yote hufanywa na mguu wa kushoto. Mweke mjukuu mbele yako aangalie mabega. Akiona bega la kushoto linashuka, akwambie. Nimewaona wagonjwa waliofanya zoezi hili kwa miezi na paja lisinenepe, na sababu ikawa hiyo tu. Ukishalimudu, ongeza zoezi la kushuka kidato kimoja kifupi huku umeshika ukuta: mguu wa kulia ubaki juu, wa kushoto uguse chini taratibu, kisha urudi. Hilo ndilo linaloufundisha msuli kazi ya mteremko.

Nyoosha goti pia. Kaa, weka kisigino juu ya kiti kingine, uache goti lining'inie bila kitu chini yake kwa dakika tano hadi kumi, ukikaza paja mara kwa mara. Goti lisilonyooka hadi mwisho huufanya msuli wa paja uchoke kila hatua, na mtu huchechemea bila kujua sababu. Nakuomba pia uniambie kama unalala na mto chini ya goti. Wengi hufanya hivyo kwa kuwa unatuliza, na ndiyo njia ya hakika ya goti kukakamaa likiwa limejikunja.

Kuhusu kukunja, uwe na matarajio sahihi. Kutembea tambarare kunahitaji goti lijikunje nyuzi 65 hivi, na ngazi pamoja na kuinuka kitini huhitaji kati ya 80 na 100 na kidogo. Magoti bandia mengi hufika 110 au 120. Kuchuchumaa hadi chini huhitaji zaidi ya 130, na hapo wengi hawafiki, wala si lazima kufika. Kwa hiyo kama choo chako ni cha shimo la kuchuchumaa, mwite seremala atengeneze kiti imara chenye tundu, kimo cha sentimita 45 hadi 50, na afunge bomba au ubao wa kushikia ukutani. Kigoda cha jikoni nacho kistaafu. Ndizi humenywa vizuri tu mtu akiwa amekaa kwenye kiti chenye mgongo. Kupiga magoti kanisani hakuharibu kiungo bandia, ingawa wengi hulichukia kwa sababu ya ganzi na kovu. Ukitaka kujaribu, weka kitenge kilichokunjwa na ushike benchi, ukitanguliza goti la kulia chini na mguu wa kushoto uwe wa mwisho kushuka na wa kwanza kuinuka. La sivyo, sali umekaa. Wasomaji Waislamu nao wanajua kwamba mgonjwa ameruhusiwa kusali juu ya kiti.

Nirudi kwenye dawa, kwa sababu hapa ndipo ninapokuhofia. Diklopa zimechanganya diklofenaki na parasetamoli. Diklofenaki hutuliza kweli, lakini huufanya mwili ushike chumvi na maji, hupandisha presha na kuipunguzia nguvu losatani, na huweza kutoboa tumbo bila onyo. Kubwa zaidi ni figo. Losatani, dawa ya kupunguza maji, na diklofenaki zikiwa pamoja mwilini mwa mtu wa miaka 67, kila moja huigusa figo kwa njia yake, na figo zinaweza kushindwa, hasa siku mtu anapoharisha, kutapika au kushinda bila kunywa maji. Ibuprofeni na meloksikamu ni ukoo huo huo, kwa hiyo kubadilisha jina si kupona. Muombe daktari wako wa presha akupime figo kwa damu, kwa kuwa umeshazitumia hizo diklopa.

Badala yake, parasetamoli vidonge viwili vya miligramu 500, hadi mara tatu kwa siku, ukiacha saa sita au zaidi kati ya dozi. Ikiwa uzito wako ni chini ya kilo 50, una ugonjwa wa ini, au unakunywa pombe mara kwa mara, mbege ikiwemo, dozi ipunguzwe na daktari. Usiimeze juu ya diklopa, kwani utakuwa umeimeza mara mbili. Sitakudanganya kwamba ina nguvu kama ile uliyoizoea. Faida yake ni ya wastani, na ndiyo maana naipanga kwa wakati: nusu saa hadi saa moja kabla ya mazoezi, na nyingine kabla ya kulala. Jeli ya diklofenaki ya kupaka huingia kwenye damu kwa kiasi kidogo sana kuliko vidonge, na daktari anaweza kukuruhusu, mradi isipakwe juu ya ngozi yenye mchubuko. Tramadoli, dawa kali zaidi ya maumivu, siipendi kwa mtu anayeshuka mteremko na mkongojo, maana huleta kizunguzungu na kufunga choo, na mwili huizoea. Ikilazimu iwe ya siku chache na kwa cheti. Kama maumivu yako yanachoma kama pilipili, au yanapiga kama shoti ya umeme, au shuka ikigusa ngozi unashtuka, hayo ni maumivu ya neva, na zipo dawa zake ambazo daktari huandika kwa dozi ndogo usiku. Mweleze kwa maneno hayo hayo. Dawa za mitishamba za viungo zinazouzwa kwenye chupa zisizo na maelezo uziepuke, kwa kuwa baadhi ya dawa za namna hiyo zimewahi kukutwa duniani zikiwa zimechanganywa kimyakimya na diklofenaki au steroidi, yaani dawa kali za kuzima uvimbe.

Usiku goti huamka kwa sababu uvimbe wa mchana umekusanyika, baridi imeingia, na hakuna jambo jingine la kuushughulisha ubongo. Jioni, inua mguu juu ya usawa wa moyo kwa dakika 20, kisigino ndicho kiegemezwe, goti likiwa limenyooka. Lala ubavu wa kushoto na mto katikati ya miguu, kuanzia gotini hadi kwenye kifundo. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya mlimani inapozidi, vaa soksi ndefu au funga goti kwa kitambaa cha sufu kisichobana. Ukiamka na maumivu, usibaki umelala ukiyasikiliza: kaa kitandani, kunja na kunyoosha goti mara 15 hadi 20 taratibu, kisha ulale tena. Lakini maumivu ya usiku yanayozidi wiki hadi wiki, hata ukipumzika, yanakurudisha kwa daktari, na hayo usiyavumilie.

Panga kwenda kliniki ya mifupa na ya fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, ndani ya mwezi huu, katika hospitali ya KCMC au Mawenzi mjini Moshi kwa wewe uliye Kibosho. Wasomaji wa Arusha wanaweza kuanzia hospitali ya Mount Meru. Ukipanda gari, omba siti ya mbele ili mguu upate nafasi ya kunyooka, na bodaboda uiache, kwani kurusha mguu juu ya kiti chake na kushuka kwenye kokoto ndiko kunakoangusha watu. Beba picha ya eksirei ya zamani, karatasi ya kuruhusiwa hospitali, dawa zote unazomeza zikiwa kwenye mfuko mmoja pamoja na hizo diklopa, na lile daftari la dakika na uvimbe, hata likiwa na wiki mbili tu. Mwambie mtaalamu wa fiziotherapia apime mambo matatu mbele yako: goti linanyooka hadi wapi, linajikunja hadi wapi, na unaweza kusimama na kukaa mara ngapi kwa sekunde 30 bila kutumia mikono. Namba hizo uziandike kwenye daftari hilo, na uombe zipimwe tena baada ya wiki 12. Ikiwa zimepanda na maumivu hayajapungua hata kidogo, basi rudi kwa daktari aliyekupasua, na umwombe aangalie upya nyonga, mgongo na namna kiungo kilivyokaa.